MSICHANA HAACHI SHULE SIKU MOJA
Somo la vikundi vya kujisaidia



Leo tunawaletea somo juu ya wasichana wetu na shule. Tunajua wengine wenu watasema, "Hayo tumeshayasikia." Ni kweli. Kwenye baraza la chifu tunaambiwa tusomeshe wasichana, baada ya misa tunaambiwa, hata kwenye matanga tunaambiwa, na sote tunapiga makofi. Lakini tukirudi nyumbani, jirani yuko msichana ambaye mwaka jana alikuwa na sare, na mwaka huu anauza ndizi pale Khayega. Ukiuliza imekuwaje, unajibiwa, "Ah, huyo aliacha shule." Ni kama siku moja aliamka asubuhi akaamua.

Sisi tunaotembelea vikundi katika vijiji vya Kakamega tumeona jambo tofauti. Msichana haachi shule siku moja. Anatoka polepole, hatua baada ya hatua, na kila hatua kuna mtu anayeiona. Mara nyingi mtu huyo ni mmoja wetu hapa kikundini: jirani, mama wa sokoni, mzee wa mtaa, nyanya. Kwa hivyo kikundi kinaweza kumwona mapema na kumshika mkono. Na hata kama ameshatoka kabisa, hata kama amejifungua, mlango wa shule bado uko wazi kwa sheria. Haya mawili ndiyo tunayotaka mshike leo.

JINSI YA KUTUMIA SOMO HILI

Somo linahitaji kama saa mbili. Mkiona ni refu, ligawanyeni katika mikutano miwili. Mchague kiongozi wa somo. Si lazima awe mwenyekiti. Asome polepole, maana wako wenzetu wasiojua kusoma, na mawazo yao ni ya thamani sawa na ya wengine. Tafuteni punje za mahindi na za maharagwe, kiasi cha kopo moja moja. Ikiwezekana mwalikeni mwalimu mmoja wa shule ya karibu na wasichana wawili au watatu. Tafadhali, katika mazungumzo yote msitaje jina la mtoto wa mtu wala kusimulia siri ya boma la mtu.

SEHEMU YA 1: IGIZO FUPI

Watu watano waigize. Kuna Baba, Mama, Senje ambaye ni dada ya Baba, Kukhu ambaye ni mama yake Baba, na Msichana wa miaka 16. Msichana alitoka shule akiwa gredi ya 8. Mtoto wake ana miezi saba. Ni jioni, wamekaa jikoni.

MSICHANA: Baba, shule zinafunguliwa wiki ijayo. Mimi nataka kurudi.

BABA: Kurudi wapi? Nilikulipia mara ya kwanza, ukaniletea mtoto. Sasa nilipe tena uniletee wa pili?

SENJE: Ndugu yangu, mimi nimeshaongea na watu wa kwa yule kijana. Wako tayari kuleta ng'ombe mmoja na mbuzi wawili. Mambo yaishe. Mtu akishazaa ni mama, si mwanafunzi.

MAMA: Lakini wifi, si huyo kijana ana bibi tayari?

SENJE: Na hapa atakaa akifanya nini? Mdogo wake naye atajifunza hayo hayo.

KUKHU: Mtoto mniachie mimi. Bado nina nguvu ya kubeba mtoto. Mimi sikupelekwa shule kwa sababu baba yangu alisema shule ni ya wavulana. Mpaka leo nikienda benki naweka kidole gumba, na anayenisomea karatasi ni mtu nisiyemjua.

BABA: Mama, nakuheshimu. Lakini pesa unayo?

(Kukhu ananyamaza.)

MSICHANA: Na mwalimu naye atanikubali? Wenzangu si watanicheka?

Igizo likomee hapo. Msilimalize. Kwanza mjadiliane:

1. Mmeona nini katika igizo hili? Kila mtu alikuwa anaogopa nini?
2. Je, Baba ni mtu mbaya? Senje je?
3. Mambo kama haya yanatokea kwetu? Yanaishaje?
4. Msichana alianza kutoka shule lini hasa? Ni siku aliyopata mimba, au kabla?

Swali la nne ndilo la maana sana. Lipeni nafasi ya kutosha kabla ya kwenda sehemu inayofuata.

SEHEMU YA 2: HATUA ZA KUTOKA

Tulipowauliza walimu na wazazi wa sehemu zetu swali hilo la nne, majibu yao yalifanana sana. Tumeyapanga kama ngazi. Kiongozi achore ngazi chini kwa kijiti, na kila hatua ikisomwa, wanakikundi waseme kama wanaijua.

Hatua ya kwanza ni siku za hedhi. Msichana hana pedi, anatumia kitambaa au kipande cha godoro, anaogopa kuchafua sketi. Anabaki nyumbani siku tatu au nne kila mwezi. Hakuna anayeuliza, maana ni jambo la aibu.

Hatua ya pili ni kazi. Siku ya soko anabaki na watoto wadogo. Msimu wa palizi anabaki shambani. Kaka yake anakwenda shule siku hizo hizo. Hakuna aliyemwambia aache shule; ni vile tu "leo atusaidie kidogo."

Hatua ya tatu ni kurudishwa nyumbani. Pesa za mtihani, pesa za chakula cha mchana, sare iliyochanika. Anarudishwa Jumatatu, anarudi Alhamisi, anarudishwa tena.

Hatua ya nne ni alama kushuka. Aliyekosa siku nyingi hawezi kufanya vizuri. Nyumbani wanaanza kusema, "Huyu hana kichwa cha masomo." Hapo ndipo hata yeye mwenyewe anaanza kuamini hivyo.

Hatua ya tano ni zawadi. Msichana asiyepewa sabuni nyumbani atapewa na mtu mwingine. Inaanza kwa kubebwa bure na bodaboda, chipsi, pesa ya simu. Halafu usiku wa disko matanga, muziki unapigwa mpaka asubuhi, ati tunachanga pesa za mazishi, na watoto wetu wako huko gizani nasi tumelala. Wale wa karibu na machimbo ya dhahabu ya Ikolomani mnajua pia pesa za haraka zilizoko huko, na jinsi msichana anayeuza chai kwa wachimbaji anavyojaribiwa.

Hatua ya sita ni mimba, au anachukuliwa kwenda kufanya kazi ya nyumba Nairobi, Kisumu au Eldoret. Anayemchukua anaahidi kumsomesha huko. Wengi hawasomeshwi.

Hatua ya saba ni jina lake kuacha kuitwa darasani, na watu kuacha kuuliza habari zake.

Sasa tazameni ngazi hiyo vizuri. Sisi tunaanza kupiga kelele kwenye hatua ya sita. Hatua tano za kwanza zinapita tukiwa tunaona, na zile tatu za mwanzo zingezuiwa kwa vitu vidogo: pakiti ya pedi, kubadilisha zamu za kazi, pesa kidogo za mtihani, au kuuliza tu, "Mbona leo hukwenda shule?"

Swali kama hilo lina nguvu. Profesa Wangari Maathai, Mkenya aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, ameeleza jinsi alivyoanza shule. Kaka yake Nderitu alimwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akafikiri, akaona hakuna sababu, Wangari akapelekwa. Aliyeuliza alikuwa kijana mdogo tu.

SEHEMU YA 3: TUHESABU WENYEWE

Msitegemee hesabu za watu wa mbali peke yake. Kila kikundi kihesabu kijiji chake.

Chukueni punje za mahindi. Taja boma moja moja bila kutaja majina ya watoto, na kwa kila msichana wa miaka 6 hadi 18 wekeni punje moja. Halafu kwa kila msichana ambaye hayuko shule, toeni punje ya mahindi mweke ya maharagwe. Mkimaliza, tazameni rundo la maharagwe. Jiulizeni: wengi walitoka wakiwa darasa gani? Walitoka kwa hatua gani katika ile ngazi? Ni wangapi ambao hakuna mtu hapa anayejua wako wapi?

Katibu aandike hesabu hiyo kwenye daftari, na tarehe. Mwaka ujao mtahesabu tena.

Kwa kulinganisha tu, uchunguzi wa serikali wa mwaka 2022 juu ya afya ya jamii ulionyesha kwamba katika Kenya nzima, kati ya kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 15 walikuwa wamewahi kushika mimba. Mwaka 2014 walikuwa 18. Kwa hivyo tunasonga mbele, ingawa polepole. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba kati ya wale ambao hawakusoma kabisa, karibu 4 kati ya 10 walikuwa wameshika mimba, na waliofika juu ya sekondari walikuwa wachache sana. Maana yake ni kwamba shule yenyewe ni ulinzi. Kumtoa msichana shuleni ili "asiharibike" ni kumwondolea ukuta uliokuwa unamkinga.

Kuhusu pesa, wazee wanakumbuka kwamba katika sehemu za Mumias, Matungu na Butere muwa ndio uliokuwa karo. Kampuni ya Mumias ilipoanza kuyumba na mwishowe kuwekwa chini ya msimamizi wa madeni mwaka 2019, maboma mengi yalipoteza tegemeo hilo. Pesa zikipungua, wengi huuliza, "Tumsomeshe nani kwanza?" Hapo ndipo msichana anapoachwa nyuma. Tunaelewa ugumu huo. Lakini uamuzi wa nani aanze usifanywe kwa kutazama nani ni mvulana.

Wala kusomesha wasichana si jambo la kigeni hapa kwetu. Shule ya wasichana ya Butere ilianzishwa mwaka 1916 na mmisionari Jane Chadwick wa kanisa la Anglikana. Wakati huo wazazi wengi waliona ni upuuzi. Mwandishi Grace Ogot, aliyekuja kuwa mbunge na waziri msaidizi, alisoma Butere. Kuna mabibi na masista na wauguzi wengi wa sehemu hii waliosomeshwa na baba aliyechekwa na majirani. Katika kikundi chenu, ulizeni: je, yupo aliyesomeshwa hivyo? Asimulie.

SEHEMU YA 4: SHERIA INASEMA NINI

Wanavikundi wengi wanadhani msichana aliyejifungua hurudi shule kwa huruma ya mwalimu mkuu. Sivyo. Someni haya kwa makini, na ikiwezekana myaandike kwenye karatasi kubwa.

1. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima.

2. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule. Asipofanya hivyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili.

3. Tangu mwaka 1994 serikali ya Kenya iliagiza kwamba msichana aliyepata mimba aruhusiwe kurudi shule baada ya kujifungua. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo mpya wa kurudi shule. Mwanafunzi mjamzito asifukuzwe. Akijifungua apokelewe tena. Akiona aibu katika shule yake ya kwanza, asaidiwe kupata nafasi katika shule nyingine. Mwongozo huo unawahusu pia watoto waliotoka kwa sababu nyingine, kwa mfano kuajiriwa kazi.

4. Mwaka 2017 sheria ya elimu ilirekebishwa ili serikali itoe pedi bure kwa wasichana waliobalehe katika shule za umma. Kwa hiyo mnayo haki ya kumwuliza mwalimu mkuu kama zimefika, na kama hazikufika, kumwuliza ofisa wa elimu.

5. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema hakuna ndoa chini ya miaka 18. Hata ya kimila. Ng'ombe akiletwa kwa ajili ya mtoto, ndoa hiyo ni kosa la jinai, si mila.

6. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inasema mtoto wa chini ya miaka 18 hawezi kukubali tendo hilo, hata akisema alikubali. Kosa hilo ni unajisi. Kama mtoto ana miaka 12 hadi 15, kifungo ni miaka 20 au zaidi; kama ana 16 au 17, ni miaka 15 au zaidi; na kama ana miaka 11 au chini, ni kifungo cha maisha.

Jambo hili la sita ni zito, na tunaomba lisipitwe haraka. Kwetu kuna desturi ya wazee kukaa chini ya mti, mbuzi akaletwa, maneno yakaisha. Kesi ya unajisi haiishi hivyo. Hakuna baba, liguru wala chifu mwenye ruhusa ya kuifuta. Mtoto akidhuriwa, apelekwe hospitali mapema iwezekanavyo, kabla saa 72 hazijapita, ili apewe dawa za kuzuia ukimwi na mimba. Asioshwe kabla ya kuonwa na daktari, na nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Ripoti ipelekwe polisi na kwa ofisi ya watoto. Mnaweza pia kupiga simu 116, ni bure, usiku na mchana. Mtoto mwenyewe asilaumiwe na asiachwe peke yake.

Majirani zetu wa Tanzania walikuwa na utaratibu tofauti. Huko msichana aliyepata mimba alikuwa akifukuzwa shule ya serikali, na ni Novemba 2021 tu ndipo serikali yao iliporuhusu warudi. Sisi tumekuwa na ruhusa hiyo tangu 1994. Kwa hivyo mara nyingi kinachomzuia msichana wetu si serikali. Ni maneno ya nyumbani, ya kijijini na wakati mwingine ya darasani.

SEHEMU YA 5: MANENO TUNAYOYASIKIA

Katika mikutano tunasikia maneno haya tena na tena. Yajadilini kwa heshima, maana anayeyasema mara nyingi ni mzazi aliyeumia.

"Akirudi na mtoto nyumbani, wengine watamwiga." Tumeuliza wasichana wenyewe. Wanaona jinsi mwenzao anavyoamka usiku na mtoto mgonjwa, anavyofua, anavyokosa sabuni. Hakuna anayetamani hayo. Kinachowavuta wengine katika mimba ni umaskini, giza na kutojua, na hayo hayapungui kwa kumfukuza mmoja.

"Ameshakuwa mtu mzima, darasani ataonekana mkubwa." Mwaka 2004 mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na miaka 84, baada ya elimu ya msingi kufanywa bure Januari 2003. Alivaa sare na kaptura, akakaa na watoto. Kama mzee wa miaka 84 alipata dawati, msichana wa miaka 16 atakosaje?

"Msichana ataolewa, faida itakwenda kwingine." Tutazame kwa macho. Nani huleta sukari na dawa kwa wazazi wazee? Nani huja kulala hospitalini mama akiugua? Na siku mume wake akifa au akimfukuza, arudi nyumbani na kazi mkononi au arudi mikono mitupu?

"Na wavulana je?" Swali hili ni la haki. Wavulana wetu nao wanatoka shule kwenda kukata muwa, kuendesha bodaboda na kuchimba dhahabu. Nao wahesabiwe kwa punje siku nyingine, na tutawaletea somo lao. Lakini mvulana aliyesababisha mimba husoma mpaka amalize, na msichana hubaki na mtoto. Ndiyo maana tumeanza hapa.

SEHEMU YA 6: KIKUNDI KIFANYE NINI?

Tunapendekeza mambo matano. Chagueni moja au mawili, myafanye vizuri.

1. Mama wawili wa kuuliza. Kikundi kichague kina mama wawili wanaoaminika, ambao kazi yao ni kuuliza. Wakimwona msichana nyumbani siku ya shule, waulize kwa upole, kisha wamtembelee mzazi wake. Wasiende kama askari. Waende kama majirani, jioni, na wakae chini.

2. Mfuko wa shule. Wengi wenu mna meri-go-raundi tayari. Kikundi cha watu 25, kila mmoja akiongeza shilingi 20 kwa wiki, ni shilingi 500. Kwa wiki 48 ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Pesa hizi si mkopo, na zisichanganywe na zile za kuzungushana. Zilipwe moja kwa moja shuleni au dukani, risiti iletwe, na watu watatu watie sahihi. Mkubaliane mapema ni nani wa kusaidiwa kwanza, maana bila hivyo watasema zinaliwa na watoto wa kamati.

3. Pedi. Nunueni kwa jumla, au mama anayejua kushona afundishe wasichana kushona za kitambaa safi zinazofuliwa na kuanikwa juani. Kina baba nao wajue bei yake, iwe kama sabuni na chumvi katika matumizi ya nyumba.

4. Kumsindikiza anayerudi. Msichana aliyejifungua asiende peke yake kwa mwalimu mkuu. Mzazi mmoja na mwanakikundi mmoja waende naye, wakiwa na cheti chake cha kuzaliwa na karatasi za shule. Wakubaliane na shule siku ya kuanza, atamnyonyesha mtoto lini, na ni mwalimu gani atakayemsaidia. Nyumbani mpange nani atabaki na mtoto. Kama ni kukhu, basi kikundi kimpunguzie kukhu kuni na maji. Mkikataliwa bila sababu, nendeni kwa ofisa wa elimu wa kaunti ndogo, kwa adabu, na mwongozo wa mwaka 2020 mkononi.

5. Basari. Fomu za basari za kaunti, za eneo bunge na za wafadhili hutolewa kwa muda mfupi, na taratibu hubadilika. Mtu mmoja wa kikundi aulize kila muhula kwa chifu na ofisi ya wadi, kisha awasaidie wazazi wasiojua kuandika kujaza fomu. Msisubiri mpaka gredi ya 9 iishe. Kutoka gredi ya 9 kwenda gredi ya 10 ndipo msichana anapotoka shule ya karibu kwenda ya mbali, na ndipo gharama zinapopanda. Katika shule ya kutwa serikali inasaidia karo tangu 2008, lakini chakula, sare na nauli bado ni juu yetu.

Kuhusu disko matanga, ongeeni na liguru na chifu. Marehemu azikwe kwa heshima, pesa zichangwe mchana.

NENO LA MUNGU

Mmoja asome Injili ya Marko 5, mstari wa 21 hadi 43. Ni habari ya binti wa Yairo, wa miaka kumi na miwili, umri wa msichana wetu wa darasani. Watu walikuwa tayari wanaomboleza, na Yesu aliposema mtoto hakufa walimcheka. Angalieni alivyofanya. Aliwatoa wale waliokuwa wanapiga kelele. Akabaki na wazazi. Akamshika msichana mkono, akamwinua. Kisha akaagiza apewe chakula. Kaeni kimya dakika chache, halafu mjadili:

1. Katika kijiji chetu, ni nani wanaoomboleza msichana ambaye bado yu hai?
2. Kwa msichana anayerudi shule, "apewe chakula" ni nini?

MASWALI YA MWISHO

1. Rudini kwenye igizo. Sasa waigizaji walimalize. Nani atasema nini kwa Baba? Kikundi kinaingia wapi? Na yule kijana mwenye ng'ombe afanywe nini kwa mujibu wa sheria?
2. Katika rundo la maharagwe, ni msichana gani mmoja tunayeweza kumsaidia arudi muhula ujao? (Jina libaki kwa wale kina mama wawili na mweka hazina.)
3. Nani atafanya nini, na lini?

Katibu aandike majibu ya swali la tatu. Tunaomba kila kikundi kitutumie hesabu yake ya punje, bila majina, kupitia ofisi ya parokia, na kutueleza ni jambo gani kati ya yale matano mmelichagua. Kikundi ambacho msichana amerudi kitueleze pia ni magumu gani kilikutana nayo, ili wengine wajifunze.



Ndimi wenzenu wa maendeleo ya jamii, Kakamega.